Glavu za Mama Fundi

Karakana ya Mama Fundi ilikuwa na sheria moja tu: ukipandwa na hasira, vaa glavu. Zile za ngozi za kuchomelea vyuma, ndefu mpaka viwikoni. Ukishazivaa humgusi mtu hadi moyo utulie. Sheria hiyo aliitunga kwa ajili ya Pilipili, binti wa miaka kumi na sita aliyekabidhiwa na ustawi wa jamii ili amfundishe uchomeleaji na, ikiwezekana, kuishi na watu.

Pilipili na mdogo wake wa miaka saba walikuwa wametolewa makao ya watoto wakapewa mama mlezi. Hiyo ilikuwa nyumba ya nne. Tatu za kwanza walifukuzwa kwa sababu ya ngumi za Pilipili, na afisa ustawi alishamwambia bila kupepesa macho: ngumi moja zaidi, wewe unarudi makao, mdogo wako anapelekwa kwingine. Sasa ulikuwa mwezi wa nane hajampiga mtu. Kuna siku alishinda na glavu kutwa nzima, akila mkate nazo, Mama Fundi akimtania, "Mwanangu, usiku nao unalala nazo?"

Mchana ule Mama Fundi alitoka kununua vijiti vya kuchomelea. Aliporudi, kilio cha mtoto kilimpokea mlangoni. Yule mdogo alikuwa amejikunyata chini ya meza ya chuma. Mbele ya meza alisimama Pilipili, damu ikimchuruzika puani hadi kwenye aproni. Na mbele ya Pilipili alisimama kaka wa mama mlezi, pandikizi la mtu, mkanda mkononi, upande wa chuma ukining'inia.

"Sogea nimchukue!" alifoka. "Eti mnanifungia mlango nyumbani kwa dada yangu, kisha mnakimbilia huku! Nani kawafundisha?"

"Humpigi tena, mjomba," Pilipili alisema. "Nipige mimi."

Mkanda ukalia. Shavu likachanika. Pilipili akayumba, akasimama tena palepale, mikono ikiwa chini.

Ndipo Mama Fundi alipoiona ile mikono. Binti alikuwa amevaa glavu. Huyu aliyeweza kulivunja lile taya kufumba na kufumbua alikuwa anapigwa kama ngoma, kwa sababu mwalimu wake, na akili zake zote, hakuwahi kumwambia kwamba zipo siku za kuzivua.

Nyundo ilikuwa mezani. Mama Fundi hakumbuki kuichukua. Pigo la kwanza lilivunja kiwiko, mkanda ukaanguka. La pili lilitua begani. Mwanaume akapiga magoti, akalia, akaomba, "Mama, nisamehe, mama!" Mama Fundi akampiga mbavuni, akausikia mmoja ukiachia. Aliona raha. Tusidanganyane, aliona raha, akainua nyundo tena, safari hii akilenga kichwa.

Mikono miwili ya ngozi ikamkumbatia kwa nyuma, ikambana.

"Basi, Mama. Basi! Utamuua."

Yule bwana alitolewa kwa machela, anapumua kwa shida. Afisa ustawi alichuchumaa akamsikiliza mtoto wa chini ya meza.

"Dada hakupiga," alisema kwa kwikwi. "Dada alisimama tu."

Afisa akaandika, kisha akamtazama Pilipili. "Hamtatenganishwa. Leo hii nawatafutia nyumba nyingine, wote wawili." Akamgeukia Mama Fundi, sauti ikashuka. "Wewe lakini, Mama, hatuwezi kukuachia mtoto tena. Yeyote."

Askari alikuwa akisubiri na pingu.

Pilipili alivua glavu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelowa jasho kwa ndani. Akaziweka mapajani mwa mwalimu wake aliyekuwa ameketi, shavu limevimba, machozi yakimtoka waziwazi.

"Mimi nilivaa, Mama," alisema. "Wewe mbona hukuvaa?"

Mama Fundi aliziweka glavu kando. Akamnyooshea askari mikono.