Tembe za Presha na Mlango wa Kanisa

Miaka mitatu nimekuwa shemasi katika kanisa letu la Nyacheki, na kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote ni kuwaketisha watu. Mahubiri yakianza, hakuna kutoka. Nilisimama mlangoni, na jicho langu lilitosha kumrudisha yeyote kitini.

Ndiyo maana sikumeza tembe za presha nilizopewa hospitalini. Zile tembe humkojoza mtu kila nusu saa. Siku za kazi niko shambani nachuma majani chai, na choo kiko mbali. Sabato niko mlangoni. Nikazificha nyuma ya mkebe wa unga. Kichwa hakikuniuma, nikajiona mzima.

Mwezi uliopita miguu ilivimba hadi viatu vikanikataa. Hospitalini Keroka, Daktari Mokua alinieleza taratibu. Damu ikisukumwa kwa nguvu huumiza mishipa midogo ya figo. Figo likikosa damu ya kutosha hudhani mwili umekauka, basi huamsha homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi. Presha hupanda tena, na figo huzidi kuumia.

"Mama, mafigo yako yamebaki na nusu ya nguvu," alisema. "Hiyo nusu tunaweza kuilinda ukimeza dawa kila siku. Ikiisha, utasafishwa damu kwa mashine."

Niliogopa, sifichi.

Sabato iliyofuata nilimeza asubuhi. Mhubiri hajafika mbali, kibofu kikaanza kudai haki yake. Nilivumilia kidogo, halafu nikatoka kwa mlango wangu mwenyewe, macho ya kanisa zima mgongoni. Aibu niliyoionja siku hiyo nilikuwa nimewagawia wengi.

Nilipotoka chooni nilimkuta jirani yangu Nyamusi amesimama nje. Mwaka jana nilimrudisha kitini mara mbili, tena mbele ya wakwe zake.

"Mama Jasper, unameza za presha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikakubali.

"Mimi pia nilikuwa nazo. Niliacha siku ile uliponirudisha."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenigombeza. Nilimwomba msamaha, nikamwambia Jumatatu twende wote kwa daktari. Akaitika. Nikaona haya kumtazama usoni, nikatazama chini. Alikuwa amevaa kandambili, kanisani, siku ya Sabato, na miguu imevimba kama yangu.