Mwanamke Aliyeachwa Nje ya Filamu

Kila Ijumaa saa nane mchana, katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Sugar Land, mhudumu Cherotich aliwawekea wakaazi filamu ya vita iliyotokana na kitabu cha Mzee Walter wa chumba cha tisa. Mzee alikuwa rubani wa ndege ya mabomu, na sasa alikuwa na miaka mia na mmoja. Kila mara, dakika ya arobaini, ndege zilipofungua matumbo, mwanamke alitoka kwenye televisheni na beseni la nguo mbichi.

Nguo zilichuruzika, na hilo ndilo lililomkera Cherotich. Mzee mmoja akiteleza, mhudumu anajaza fomu ya kurasa sita.

"Si angekamua hizi nguo huko huko!" alilalamika, akisimamisha kibao cha njano cha sakafu yenye maji.

"Wacha, dada. Mama iko na haraka," akasema Véronique, mwenzake kutoka Bukavu, akipiga deki.

Mgeni ni mgeni, kwa hiyo mwanamke alitia sahihi kitabu cha wageni. Penye uhusiano na mkaazi aliandika: alinipiga bomu. Clara, meneja, alikasirika. Orodha yake ilikuwa na ndugu, rafiki na mtu wa kanisa, basi akamwandika kuwa rafiki.

Mwanamke alitaka jambo moja tu. Katika kitabu chake Mzee alikiri kwamba kando ya daraja alimwona akianika nguo, mtoto akicheza kati ya mashuka, na bado akaachia bomu. Filamu ilibakiza daraja tu. Alitaka yeye na mtoto warudishwe ndani ya filamu, na shahidi pekee alikuwa Mzee, ambaye sasa alipumua kwa mashine.

"Nitasema," Mzee alimwahidi.

Mwezi wa tano watengenezaji wa filamu walikuja kumrekodi, filamu yao ikichezwa nyuma yake. Mzee aliyasema yote, mpaka rangi ya mashuka. Mwenye kamera akamshukuru sana, kisha akamwomba arudie sehemu ya daraja peke yake.

Cherotich alishindwa kuvumilia. "Si ameshasema? Na mama mwenyewe ndiye huyu hapa, muulizeni! Ama mnataka a-sign wapi ingine?"

Walimwomba huyo mama asogee kidogo, alikuwa anaziba taa. Inachosha, jamani, inachosha kweli. Mzee akahema, akarudia daraja peke yake.

Mwanamke aliitazama saa ya ukutani, akajitwika beseni.

"Bakia hapa, mama," Véronique akamsihi. "Kule kuko mabomu."

"Mtoto wangu yuko kule," akajibu, akaingia kwenye televisheni.

Kwenye skrini daraja likaanguka, ukingo wa mto ukiwa hauna mtu, na wenye kamera wakapiga makofi.