Jibu la Mkanda wa Tano

Bibi Bunruan aliukubali mwaliko wa chuo kikuu kwa sababu moja tu, na haikuwa sababu ya kujivunia. Mwalimu Kanlaya, yule binti wa idara ya filamu, alimfuata mpaka nyumbani na bango la maonyesho ya msimu wa mvua amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe. Alipomwona bibi anatabasamu alidhani amefurahia heshima. Heshima wapi! Bibi alikuwa anahesabu midomo.

"Kila mwaka mvua zikianza tunawafungulia watu wote milango, Bibi," Kanlaya alieleza. "Mihadhara, muziki, filamu. Safari hii tumepata mikanda ya *Nyumba Ng'ambo ya Bwawa*. Haina sauti, unajua mwenyewe. Na tumesikia mliokuwa mkiitia sauti mko hai wote wawili."

"Wote wawili?"

"Wewe na Mzee Thawin. Yeye ameshakubali."

Bunruan akaendelea kufuta majani ya migomba, moja, mawili, matatu. "Nitakuja," akasema. "Mwambie anywe maji ya moto, asije akanikoromea kwenye kipaza sauti."

Zamani hizo filamu zilikuwa zinapigwa picha tu, bila sauti. Mtu na mkewe waliketi kando ya pazia jeupe na kipaza sauti kimoja, wakasema maneno ya kila mtu: ya askari, ya mama mkwe, ya mtoto mchanga, hata ya nyati wa kulimia. Ujuzi wenyewe ulikuwa kuhesabu midomo: kinywa kikifunguka mara tano, nawe una neno la silabi tano, basi. Bunruan na Thawin walizunguka vijiji vya jimbo zima la Isan hivyo, juu ya gari la kampuni ya dawa. Watu walitazama bure, ila katikati ya utamu filamu ilikatwa, taa zikawashwa, wakauziwa dawa ya minyoo na dawa ya kuchua mgongo. Katika filamu hii mahali pa kukatia palikuwa mwisho wa mkanda wa nne. Askari amerudi, amesimama langoni, anamwuliza mke aliyemwacha kama atampokea. Taa! Dawa! Hakuna aliyethubutu kwenda kulala kabla ya jibu. Mkanda wa tano ukianza, mwanamke anafungua kinywa mara nne tu, na daftari la maneno linasema: "Nakungoja."

Sasa sikiliza yaliyotokea miaka arobaini na moja iliyopita. Kampuni ilitaka sauti ya msichana wa Bangkok, eti ya Bunruan inanuka shamba. Thawin akakubali. Hakumwuliza mkewe, wala hakumwambia. Bunruan akazipata habari kwa dereva, akanyamaza siku tatu. Jioni ya tatu, askari alipofika langoni, Thawin akalisukuma daftari kando na kusema, kwa kinywa cha askari, maneno ambayo hayakuandikwa popote: "Nilikubali wakutoe bila kukuuliza. Nimekosa. Kesho tushuke gari hili, twende kwenu tukalime. Utanipokea?"

Watazamaji hawakushtuka, walidhani ndiyo filamu yenyewe. Taa zikawashwa. Na kabla chupa ya kwanza haijauzwa mvua ikamwagika, watu wakatimua mbio na mikeka kichwani, pazia likaloa chapachapa, mkanda wa tano usionyeshwe. Asubuhi Bunruan alikuwa stendi. Aliyaacha mabasi mawili yapite. La tatu akapanda.

Aliolewa kwingine, akazaa, akafiwa, akalea wajukuu. Lakini lile jibu halikumtoka rohoni, na kadiri miaka ilivyokwenda alilipunguza, akalinoa, mpaka likawa neno moja: "Sikutaki." Midomo minne barabara. Atalisema mbele ya ukumbi mzima, Thawin akiwa ubavuni pake. Kwamba mwanamke wa kwenye filamu anakwenda kumfungulia askari mlango baadaye, hiyo shauri yake.

Alifika chuoni Jumatano, siku mbili kabla, na kwa kuwa mvua ilimzuia kwenda kokote akaingia kwenye mhadhara wa vyura. Profesa mmoja mwembamba alikuwa akieleza wale wanaojizika ardhini kiangazi chote, hawali, hawanywi, wanasubiri ngurumo. Mzee wa safu ya nyuma akauliza wepi kati yao wanafaa kukaangwa na pilipili. "Wote," profesa akajibu bila kufikiri, na ukumbi ukaangua kicheko.

Feni zilizunguka polepole. Sauti ya profesa ikawa mbali, kama inatoka chini ya maji, na Bunruan akasinzia. Akaota yuko juu ya gari la dawa, gari linakwenda bila dereva katikati ya mashamba ya mpunga, na kila chura wa shambani anafungua kinywa mara nne, anafunga, anafungua mara nne. Alitaka kuwatia sauti akakosa neno. Kilichomzindua ni harufu ya dawa ya kuchua, ileile, karafuu na kafuri. Kwenye kiti cha pili ameketi Thawin, amekonda, amejifunga skafu shingoni.

"Kumbe hujafa," Bunruan akanong'ona.

Thawin akatikisa kichwa.

"Na bado unajipaka ile dawa. Miaka yote tuliwauzia watu, haijamponya hata paka."

Thawin akacheka, lakini kicheko hakikutoka. Ilitoka pumzi tu.

"Umekuwa bubu? Au msichana wa Bangkok alikumalizia maneno?"

Hapo mzee akailegeza skafu. Katikati ya koo palikuwa na tundu, safi, limezungushiwa bamba dogo la plastiki. Akatoa mfukoni kibao cheupe cha watoto na kalamu, akaandika: *Saratani. Mwaka wa sita huu.*

Looh! Bunruan hakujua aangalie wapi. Alimhurumia, na huruma yenyewe ikamuudhi. "Sasa ulikubali kutia sauti kwa nini?"

*Milio ni yangu. Sauti zote wewe.*

"Hata ya kwako?"

*Ulikuwa unaniiga kila siku. Ulinishinda mwenyewe.*

Hasira zikampanda mpaka masikioni. Amesafiri mwendo wa saa tano kuja kumjibu mtu, kumbe mtu mwenyewe hana tena cha kuulizia! "Hukuja stendi," akasema, na akasahau kunong'ona.

Thawin akafuta kibao, akaandika upesi: *Hukujibu.*

"Ningemjibu nani na mvua ile? Vyura?"

Profesa akanyamaza. Safu mbili zikageuka. Bibi mmoja wa makamo yake akamgusa bega akamwambia, "Dada yangu, punguza kidogo. Tunamsikiliza profesa."

Alhamisi ilikuwa zamu ya muziki. Wapigaji saba wa zumari za mianzi walipuliza mpaka kuta za mbao zikawa kama zinapumua nao. Bunruan alikaa mbali makusudi. Hata hivyo alimwona Thawin kule ng'ambo, macho kafumba, midomo inachezacheza na wimbo, haitoi kitu. Bila kutaka akajikuta anamhesabu. Tano, tatu, saba. Akayageuza macho yake kwa hasira, lakini yalirudi, na jioni hiyo ikapita hivyo, kama mtu anayeota huku anajijua anaota.

Ijumaa saa kumi na moja ukumbi ulijaa mpaka wanafunzi wakaketi sakafuni. Wazee walikuja na vikapu vyao vya wali wa kunata, na papai bichi lililotwangwa na pilipili, wakala palepale. Kanlaya alijaribu kuwazuia, akachoka. Mvua ilikuwa juu ya bati. Kando ya pazia waliwekewa meza ndogo, vipaza sauti viwili, na mbele ya Thawin vitu vyake: vifuu vya kugongea kwato za farasi, ungo wenye choroko wa kutoa mlio wa mvua, na bawaba kuukuu iliyopigiliwa kwenye kibao, ya mlio wa mlango.

Mashine ikaanza kukereza. Bunruan akafungua kinywa, na sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa ikamtoka, nyembamba, ya shamba kabisa. Hakujua ilikuwa imejificha wapi. Akawa msichana, akawa mama mkwe mkorofi, akawa nyati, watu wakashika mbavu. Thawin alipiga kwato pale farasi alipopita, akatikisa ungo pale mvua iliponyesha juu ya bwawa, na mvua ya ungo ikachanganyika na mvua ya bati hata hukuweza kujua ipi ni ipi. Kabla ya kila zamu ngumu alimgonga goti mara mbili, kama zamani. Bunruan alikusudia kumsukuma mkono. Zamu ikawa inaanza, akasahau.

Mkanda wa nne ukafika langoni.

Daftari lilikuwa na hotuba ya askari juu ya vita na bendera. Bunruan aliitazama, akaona haimfai. Amekuja na jibu. Basi swali lenyewe liulizwe kwanza, na liulizwe vilevile, asije mtu akasema amejibu lisiloulizwa. Akaishusha sauti mpaka chini kabisa, akaiweka pale Thawin alipokuwa akiiweka ya kwake, kifuani, nzito, yenye mkwaruzo kidogo.

"Nilikubali wakutoe bila kukuuliza."

Mkono wa Thawin ukaganda juu ya ungo.

"Nimekosa. Kesho tushuke gari hili, twende kwenu tukalime."

Hapo midomo ya askari ikafungwa. Bunruan alikuwa amesahau kwamba inafungwa. Kabla ya neno la mwisho yule askari anakaa kimya muda mrefu, anaangalia chini, na anayemtia sauti hana la kufanya ila kungoja na pumzi yake. Miaka yote alikuwa upande wa pili wa kimya hicho, akinuna, akijiambia mwanamume gani huyu wa kuomba radhi kwa kinywa cha mwingine. Sasa alikuwa ndani yake. Na ndani mlikuwa na hofu, jamani, hofu tupu. Thawin naye alikaa hapa. Alikaa hapa akiogopa hivihivi.

"Utanipokea?"

Mkanda ukaisha. Chuo kina mashine moja tu ya kuonyeshea, kwa hiyo taa zikawashwa mkanda ubadilishwe, na mzee mmoja wa safu za nyuma akaruka juu: "Dawa! Dawa ya minyoo!"

Wazee wote wakadakia. Na Bunruan, miguu yake ikamsimamisha yenyewe kabla hajaamua. "Mabibi na mabwana! Mtoto analala macho wazi? Anasaga meno? Mleteni kwetu! Chupa moja tu, minyoo inafunga virago, inawaaga majirani!" Wazee wakamalizia maneno naye kwa pamoja, hawakusahau hata moja, na wanafunzi wakapiga makofi wakidhani imo kwenye ratiba. Bunruan alicheka mpaka machozi. Alipoketi, machozi yakaendelea, yakawa si ya kicheko.

Thawin alimsogezea kibao. Mwandiko ulikuwa umepinda.

*Leo kuna paa.*

Bunruan alisoma mara mbili. Akasikiliza mvua ikipiga bati kwa nguvu zake zote, na watu wametulia chini yake, hakuna anayekimbia, wanatafuna wali na kungoja. Hakuwa na pa kukimbilia yeye pia. Neno lake lilikuwa tayari, limenolewa miaka arobaini na moja, na alipolitafuta alilikuta pale pale lilipo. Lakini lilikuwa la mtu ambaye hajawahi kukaa upande ule wa kimya.

Taa zikazimwa. Mashine ikakereza. Pazia likajaa uso wa mwanamke, mkubwa, mweupe kwa mwezi wa kwenye filamu, akimtazama mtu langoni. Thawin alimgonga goti mara moja, mara ya pili haikuja.

Mwanamke akafungua kinywa mara nne.

"Ingia tu," akasema Bunruan.

Nyuma kule mzee mmoja akashusha pumzi. Kwenye pazia mwanamke akatembea hadi mlangoni, akaondoa komeo, akavuta. Mlango ukafunguka kimya. Hakuna mlio. Bunruan akageuka. Thawin alikuwa ameipakata ile bawaba, uso umelowa, mabega yanamtikisika, na kile kilio chake kilikuwa pumzi tu inayoingia na kutoka kwenye tundu.

"Wee mzee," Bunruan akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake mwenyewe, ile inayonuka shamba, "mlango!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Thawin akashtuka, akaishika bawaba kwa mikono miwili, akaivuta. Ikalia mlio mrefu mpaka mwisho wa ukumbi. Askari alikuwa ameshaingia, ameshavua viatu, na mlango ulikuwa umefunguka kitambo.