Gari Lililopanda Mfinyanzi

Asubuhi nzima kaka mtu alikuwa akilizunguka gari moja jeupe kwenye yadi ya magari yaliyotumika, kama bwana harusi. Alishapapasa viti, akawasha redio, akajitazama kwenye kioo cha pembeni na kujipenda. Mdogo wake, mkunga wa zahanati ya bondeni, alisimama chini ya mwavuli akisubiri amalize.

"Dada, hili ndilo," kaka alisema. "Linang'aa mpaka raha."

"Kizuri chajiuza," dalali wa yadi akadakia.

"Mbona hiki unakitembeza tangu tulipofika?" mkunga akauliza, na dalali akacheka kwa shingo upande.

Mkunga mwenyewe hakucheka. Akiba yake ilitosha gari moja tu, na gari hilo lilipaswa kudumu mpaka astaafu. Tena lilipaswa kupanda. Mvua za mwaka uliopita, kigari chake kilikwama kwenye tope la mlimani huku mama mmoja akimngoja na uchungu. Alivua viatu, akapanda kwa miguu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Nataka lipande nikiliona," alisema.

Nyuma ya yadi palikuwa na mwinuko wa udongo wa mfinyanzi, mahali walipochimba udongo wa matofali, na manyunyu yalikuwa yameulainisha ukateleza kama sabuni. Kaka, aliyeendesha malori nusu ya maisha yake, hakuhitaji kubembelezwa. Aliingia kwenye lile jeupe, akakanyaga mafuta. Gari lilifika katikati, likaanza kulia. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakirusha tope mpaka kwenye suruali ya dalali. Ya nyuma yalitulia kama wageni waalikwa.

"Si umesema linavuta kwa magurudumu yote manne?" mkunga akamuuliza dalali.

"Ndivyo lilivyoandikwa nyuma, mama," dalali alisema, akijipangusa.

Kaka alishuka, akalala chali kwenye tope na kuchungulia chini.

"Shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma haipo," alisema alipotoka. "Wameifungua, wakaacha matundu ya bolti. Wengine huitoa ili kubana mafuta. Na mimi, ninayewaambia madereva wapya kila siku waanze kuangalia chini, nimeanza na redio."

"Uzuri wa mkakasi..." mkunga alisema, lakini hakumalizia. Kaka yake alikuwa ameshaiva kwa aibu.

Dalali aliapa kwamba hakujua, na uso wake ulionyesha ni kweli. Kaka alilirudisha lile jeupe chini kinyumenyume. Lilibaki gari moja la aina ile kwa bei ile: la kijani, rangi imepauka juu, mlango mmoja umebonyea. Safari hii kaka alianza chini. Aliipapasa shafti, akatafuta kutu, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa.

"Limetembea sana," alisema, "lakini limetunzwa. Injini ya namna hii itatuzika sisi."

"Nipe ufunguo," mkunga akamwambia. "Naendesha mwenyewe."

Aliliingiza kwenye mfinyanzi polepole. Palepale lile jeupe lilipokwama, gurudumu moja liliteleza, na moyo wake ukashuka nalo. Kisha akasikia, chini ya miguu yake, nguvu zikihama: lile lilipolegea, mengine yakapokea mzigo, na gari likaendelea kupanda bila kelele. Alishangaa mpaka mwili ukamsisimka. Ndivyo alivyohisi kila mara mtoto alipojigeuza tumboni mwa mama yake, chini ya kiganja chake. Aliendelea kukanyaga mafuta taratibu mpaka udongo ukaisha na kioo cha mbele kikajaa mawingu.

Kaka na dalali walimfuata kwa miguu, wakihema, viatu vimekuwa vizito kwa udongo. Walimkuta nje ya gari. Walisimama watatu wakiitazama michirizi ya magurudumu iliyonyooka kutoka chini mpaka miguuni mwao.

"Lina muda gani hapa?" mkunga akauliza.

"Ah, mama, tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Watu wanalipita tu."

Mkunga aliweka kiganja juu ya boneti yenye joto, akakiacha hapo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Basi tulichelewa kukutana," aliliambia gari. Kisha akamgeukia kaka yake. "Panda, tukalilipie. Kesho kuna akina mama kumi na tatu wa kupimwa huko mlimani, na mvua imeshaanza."