Jina la Dismasi

Dainess alianza kumshuku mumewe kwa sababu fedha ilikuwa haiishi.

Tangu waoane, mshahara wa Telesphory ulikuwa ukifika tarehe ishirini unakata roho. Alikuwa karani wa mizigo bandarini Kigoma, na kila mwisho wa mwezi Dainess aliugawa mshahara ule juu ya kitanda: kodi ya vyumba viwili hapo Rusimbi, unga, mkaa, mafuta ya taa, na fungu kubwa kuliko yote, la dawa. Watoto wao wawili, Jonathan wa miaka saba na Esther wa miaka minne, walizaliwa na selimundu. Kila siku walimeza vidonge vya kusaidia damu, na kila homa au baridi ilipowapiga, maumivu yaliingia mifupani wakalia hadi sauti zikawakauka. Hapo ilikuwa ni kulazwa, na tangu wagonjwa waanze kuchangia gharama hospitalini, kulazwa kulikuwa na bei yake. Mwaka uliotangulia walikuwa wameuza kitanda kimoja na baiskeli ili Esther aongezewe damu.

Lakini mwezi wa tano mwaka wa tisini na saba, tarehe ishirini ilipita na fungu la dawa lilikuwa halijaguswa. Vidonge vya Jonathan vilikuwepo, vingi hata vya kumgawia Esther. Nyuma ya mtungi palikuwa na mfuko wa unga wa uji, ule wa manjano, na mafuta ya kula ndani ya chupa ya soda. Telesphory alisema kuna kliniki mpya njia ya Uvinza inayotibu watoto bure, na kwamba Anatoli, dereva wa malori ya mizigo, huwapa lifti yeye na Jonathan kila Alhamisi ya pili. Wao waliondoka asubuhi na kurudi jioni. Dainess alipotaka kwenda nao, na Esther naye akatazamwe huko, Telesphory alisema lori halina nafasi.

Dainess hakuwa mwepesi wa kuamini vya bure. Tangu vita vya ng'ambo viwavukishe Wakongo ziwani, maghala ya bandarini yalikuwa yamejaa mahindi, maharage na mafuta ya wakimbizi, na makarani wawili walikuwa tayari wamefikishwa mahakamani kwa wizi. Akaanza kumchunguza mumewe. Alipofua suruali zake alikung'uta mifuko kwanza, akitafuta punje. Alimuuliza swali lile lile siku mbili tofauti aone kama jibu litabadilika. Asnath, jirani yake, mke wa mwalimu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Njombe, alipoona wasiwasi ule alimpa mwingine mkubwa zaidi. Alimwambia kwamba wanaume wa bandarini siku hizi wana wake kambini kwa wakimbizi, na kwamba mwanamume anayekwenda mahali kila Alhamisi ya pili na mtoto mkononi, mtoto yule ni kisingizio tu. Dainess alimjibu kwamba mume wake si mtu wa hivyo. Alipofika ndani alikaa chini akashindwa kuchambua mchele.

Siku moja ya mwezi wa saba alikuwa kwenye foleni ya bomba la maji, Jonathan amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mwanamume mmoja ng'ambo ya barabara alimwita mwenzake kwa sauti.

"Dismasi! We Dismasi!"

Jonathan aliinua kichwa haraka akaitika, "Naam."

Halafu akamtazama mama yake, akainamisha uso. Dainess hakumgombeza. Alimaliza kuteka maji, akamshika mkono, na njiani akamuuliza kwa upole ni nani humwita kwa jina lile. Mtoto akasema baba amemkataza. Dainess hakuuliza tena. Lakini alipofika nyumbani alilitoa koti la kazi la mumewe misumarini, na ndani ya kitambaa cha bega, mahali palipofumuliwa na kushonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, alipapasa kitu kigumu. Akafumua.

Ilikuwa kadi ya matibabu na uji wa watoto, ya kambi ya wakimbizi. Mkuu wa familia: Veneranda, kutoka Uvira. Watu katika familia: wawili. Mtoto: Dismasi, mvulana, aliyezaliwa mwaka wa tisini. Nyuma yake palikuwa na mihuri ya zahanati ya kambi, kila baada ya wiki mbili, na tarehe zake zote ni Alhamisi.

Jioni alipakua ugali, akaiweka kadi kando ya sahani ya dagaa. Telesphory aliiona, akanawa mikono taratibu kama mtu anayetafuta muda.

"Baba Jonathan," Dainess alisema, "huyu mwanamke ni nani kwako?"

Akaeleza. Mwezi wa kumi na moja, wakati maboti yalipokuwa yakifika kwa wingi, alipelekwa ufukweni kuhesabu mablanketi. Boti moja lilifika likiwa na nusu tu ya watu wake. Ndani yake alikuwepo mwanamke aliyemkumbatia mtoto wake wa kiume, na mtoto alikuwa amekwisha kufa. Walimzika siku ile ile. Mwandikishaji alipouliza wako wangapi, yule mwanamke alijibu wako wawili, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, aliandikiwa wawili. Telesphory alisikia, akanyamaza. Miezi minne baadaye Jonathan alipoanguka na maumivu na ndani hamna hata shilingi, alimkumbuka yule mwanamke. Alimfuata kambini akamwomba jina la mwanawe.

"Akakupa hivi hivi?"

"Alimaliza kwanza kuosha sufuria yake. Halafu akaniuliza kama mtoto anapenda uji."

Dainess alimtazama usoni kwa muda mrefu. Mambo mengine yalikuwa ya kweli, alijua, kwa sababu Telesphory hakuwa na kipaji cha kutunga. Lakini mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akabakiza kipande. Alimuuliza kwa nini amemficha. Akasema aliogopa angekataa, na kama angekataa watoto wangekosa dawa. Alhamisi iliyofuata Dainess alimwachia Asnath Esther, akachukua kadi, akapanda lori la Anatoli yeye na Jonathan, na Telesphory akaenda kazini.

Kambini, Jonathan aliruka chini akakimbia katikati ya vibanda vya turubai bila kuuliza njia. Dainess alimfuata. Alimkuta ameshaingia kwenye kibanda kimoja, ameshika kikombe cha bati, anakunywa maji, na anajua mtungi unakaa wapi. Pembeni ya mkeka wa mtu mzima palikuwa na mkeka mdogo. Juu yake shati la bluu lilikuwa limekunjwa vizuri, la kipimo cha Jonathan kabisa, na ndala ndogo pembeni.

Veneranda alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, pengine wa miaka thelathini. Alimwona Dainess akaelewa kabla ya kuambiwa. Alimpa kigoda chake, yeye akakaa chini.

"Karibu, dada," alisema. "Nilijua siku moja utafika."

Zahanati haikuwa mbali. Nesi alipoita jina la Dismasi, ni Veneranda aliyesimama, ni Veneranda aliyemshika mkono, na mtoto akaenda naye bila kugeuka nyuma. Dainess alibaki kwenye benchi kama jirani aliyesindikiza. Alimsikia yule mwanamke akimweleza nesi kwamba wiki iliyopita mtoto alilalamika goti la kushoto. Ilikuwa kweli. Dainess mwenyewe alikuwa amelikanda goti lile kwa maji ya moto. Jonathan amemwambia lini? Na amemwambia mangapi mengine?

Aliinuka akasogea nje kupata hewa. Ukutani palikuwa na ubao, na kwenye ubao karatasi zilizopigwa chapa: majina ya waliojiandikisha kurudi kwao kwa meli, mwezi wa tisa, tarehe kumi na sita. Alisoma bila nia, kama mtu anavyosoma tangazo la msiba wa wengine, hadi kidole chake kikasimama. Veneranda. Na chini yake: Dismasi, miaka saba.

Alirudi ndani, akamtoa Jonathan mikononi mwa yule mwanamke mbele ya watu, na hawakusemezana mpaka walipofika kibandani.

"Umemwandikisha mwanangu kwenye meli."

"Nilijiandikisha mimi," Veneranda alisema. "Walisoma kadi yangu ya mgawo, wakaandika na yeye. Sikuwakatalia."

"Kwa nini hukuwakatalia?"

Veneranda alilichukua lile shati la bluu akalikunjua, akalikunja tena.

"Sitakudanganya, dada. Niliwaza. Baba yake akimleta siku ya meli, nimuchukue, nani angeniuliza? Karatasi yangu, mutoto wangu. Niliwaza siku tatu nzima. Halafu nikawaza dawa yake, kule kwetu nitaipata wapi." Akaliweka shati mkekani. "Sasa umejua yote."

Dainess hakumshukuru kwa ukweli ule. Alimbeba Jonathan mgongoni, mtoto wa miaka saba mwenye miguu mirefu, akamtoa kambini akasubiri lori barabarani juani. Njia nzima hakumtua.

Nyumbani alimuuliza Telesphory kama alijua habari za meli. Alisema alijua kwamba Veneranda atarudi kwao, ila jina la mtoto aliliona ni karatasi tu. Dainess alimwambia karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyomlisha mtoto miezi mitano, kwa hiyo asimwambie ni karatasi tu. Tangu siku ile Jonathan hakwenda tena Alhamisi. Vidonge vilivyobaki walivigawanya, na wiki ya tatu vikaisha. Dainess hakulala kwa amani. Mtu akipiga hodi alimwita mtoto kwanza ndipo akafungua. Alipomtuma mumewe sokoni hakukubali aende na Jonathan.

Siku ya meli aliwaacha watoto na Asnath, akafunga mlango wa nje kwa kufuli lake mwenyewe akaondoka na ufunguo, Asnath akiwa ndani na watoto, amekubali kwa kicheko. Hakumwambia mtu anakokwenda. Alisimama nje ya geti la bandari katikati ya wachuuzi, ushungi umefunika nusu ya uso. Alitaka amwone yule mwanamke akiondoka kwa macho yake, na aone mkono wake haukumshika mtoto wa mtu.

Malori yalifika saa nne. Watu walishuka na sufuria, mikeka, kuku waliofungwa miguu. Veneranda alikuwa na mzigo mmoja kichwani. Karani wa orodha alikaa mezani chini ya turubai, akisoma kwa sauti.

"Veneranda. Na Dismasi, miaka saba. Mtoto yuko wapi?"

"Amekufa," Veneranda alisema.

"Lini?"

"Mwezi wa kumi na moja. Siku tunavuka."

Karani alipindua kurasa. Alisema orodha ya zahanati inaonyesha mtoto alitibiwa mwezi wa saba, na kwamba maiti hatibiwi. Watu wa nyuma walianza kusukumana. Dainess alishika wavu wa uzio kwa vidole vyote. Neno moja tu la yule mwanamke, na Telesphory angelala polisi leo.

"Nilikuwa sijakubali," Veneranda alisema. "Nilikuwa naenda tu, nakaa pale, nasema jina lake. Sasa nimekubali. Andika amekufa."

Karani alimtazama. Alikuwa kijana, na majina yalikuwa bado mengi. Akachora mstari juu ya jina la mtoto, akampa karatasi yake, akaita mwingine. Veneranda alipita akaelekea gatini bila kugeuka, na Dainess hakujua kama alimwona pale kwenye uzio au la. Alisimama hadi meli ilipoachana na gati. Muda wote huo alimtafuta mumewe kwa macho. Alimwona mara moja, kwenye mlango wa ghala, ameshika daftari la mizigo, ameangalia majini. Halafu akaingia ndani.

Hawakulizungumza jambo lile. Palikuwa na swali moja, la kilichokuwa kati ya Telesphory na yule mwanamke, ambalo Dainess aliliandaa mara nyingi, akiwa anasonga ugali au anakunja nguo, na kila mara alilirudisha. Alikuwa na mambo ya kufanya.

Mwezi wa kumi muuguzi mmoja mzee alimwambia kwamba upo msamaha kwa watoto wenye magonjwa ya kudumu, barua tu ya mtendaji wa mtaa. Dainess alidhani ni njia ya kumtaka pesa, maana hakuwahi kusikia barua ya bure. Alikwenda hata hivyo. Mtendaji alimwambia arudi kesho. Kesho yake alimwambia arudi kesho. Siku ya tatu alifika na watoto wote wawili, mkeka, na chupa ya uji, akatandika mlangoni pa ofisi. Watu walikuwa wanawaruka kuingia. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, barua ilisainiwa, na mtendaji hakuomba kitu. Dainess aliisoma mara tatu akitafuta kasoro.

Barua ililipia kliniki na vidonge. Damu na sindano waliendelea kununua. Kwa hizo alianza kununua mawese kwa madebe kutoka kwa akina mama wa vijijini, akauza kwa vikombe mtaani Kasingirima, na Jumamosi Telesphory alimbebea madebe bila kuambiwa. Krismasi Esther alilazwa siku sita. Walilipa, na hawakuuza kitu cha ndani.

Jonathan aliuliza mara moja tu kama yule mama alifika kwao. Alikuwa anakula, hakuinua macho. Dainess alimwambia ndiyo, alifika salama. Hakuwa na njia ya kujua. Upande wa pili wa pazia, Telesphory aliacha kugeuza kurasa za daftari lake, akasubiri kama lipo neno la kuongezwa. Alipoona halipo, akaendelea.