Wanataka Kulichoma Duka la Viatu

...na wala halikuwa benki, Orrin Tollefsrud alitaka kumwambia, benki ilikuwa ng'ambo ya barabara pale panapoota magugu, hili unalotaka kulitia kiberiti lilikuwa duka la viatu, Tollefsrud na Mwana, na huyo mwana ndiye huyu aliyekaa mbele yako anakoroga kahawa isiyo na sukari, sasa anakoroga nini, hewa, lakini Trent Haverkamp alikuwa ameshavuka hapo, kijana mwenye shingo nene, mkuu wa zimamoto wa kujitolea wa Brandvold, ameweka kofia yake mezani kando ya sahani ya pai na anasema kwa ile sauti ya upole wanayotumia watu wakizungumza na wazee na farasi, "Sisi tungekusaidia tu, mzee, vijana wangu wanahitaji kuzoea moto wa kweli, na wewe ungepunguziwa mzigo, ule ukuta wa nyuma umeinama, siku moja utamwangukia mtu, tungelichoma Jumamosi asubuhi, kufika saa ya chakula umebaki msingi mtupu, lakini ni wewe mwenyewe, hutaki, hutaki," na Orrin akajibu kabla hajafikiri, mdomo ulijibu wenyewe kama mlango wenye springi, "Aa, hapana, msijisumbue," na hiyo haikuwa hapana, kila mtu Brandvold anajua hiyo si hapana, hapana ya kwanza ni adabu tu, unakaribishwa pai unasema nimeshiba, unakaribishwa tena kipande kidogo unasema msijisumbue, mpaka ukibembelezwa mara ya tatu ndipo unasema haya basi, kidogo tu, na anayekubali mara ya kwanza watu hutazamana wakajiuliza amelelewa na nani huyo... benki, eti benki, damu ilimpanda Orrin mpaka masikioni, kwa sababu viatu viko pale pale dirishani, mtu yeyote mwenye macho anaviona, jozi tisa alizoziacha siku aliyofunga, buti za kazi, viatu vya kike vya kanisani, vile vidogo vyeupe vya ubatizo, aliviacha kwa makusudi, vidole vikielekea barabarani, ili kila anayepita aelekezewe kidole kwamba wewe, wewe na wewe, ndio mlioniua, miaka arobaini vinaelekeza, jua limevipausha vyote vikawa rangi moja ya vumbi, na huyu kijana aliyezaliwa Brandvold na kupita hapo kila siku ya Mungu anauliza si lilikuwa benki... "Nikuongeze, Orrin?" Jodeen mwenye mgahawa alikuwa amesimama na birika, "au unaikoroga mpaka iwe siagi?" na siagi ikamrudisha, kiwanda cha siagi kilikuwa mwisho wa barabara karibu na reli, wakulima walileta krimu kwa madebe, harufu yake ilikuwa tamu na chachu kwa pamoja, ikishuka mpaka dukani siku za joto ikaingia kwenye ngozi ya viatu, baba yake akilalamika kwamba wanauza buti zinazonuka maziwa, halafu kando yake kituo cha vifaranga, masika yote barabara nzima ilikuwa inalia pii pii pii, unampimia mwanamke kiatu na kwenye mapaja yake kuna boksi la matundu linatikisika, halafu nyumba ya barafu ambako kila familia ilikuwa na kabati lake la nyama na ufunguo wake, unaingia umevaa fulana unatoka meno yanagongana, halafu duka la Wiebke, mbele makochi nyuma majeneza, mtu mmoja alikuuzia kitanda cha harusi na huyo huyo akaja kukuvisha tai ya mwisho, na alikuwa akiingia kwa Orrin kimya kimya kununua viatu vya maiti waliokuwa wakulima na hawakuwa na kingine ila buti zenye mavi, "Namba kumi na moja, Orrin, na usihangaike na soli," ndio utani aliokuwa nao Wiebke, mmoja huo huo, na wote wawili walicheka kila mara, naye Wiebke alipokufa akavishwa vya kwake, vikatoka kwingine kwa sababu Orrin alikuwa ameshafunga, na zaidi ya hapo, baada ya Wiebke kulikuwa na nani, kulikuwa na mwoka mikate, hapana, kulikuwa na kinyozi, halafu mwoka mikate, sasa kuna nyasi, nyasi, nyasi, duka la viatu, nyasi, limesimama peke yake kama jino moja kwenye ufizi wa kizee, ndiyo maana wanataka kulichoma hilo, hakuna jirani wa kuunguzwa... "Hapana, imetosha, Jodeen," alisema, naye Jodeen akammiminia hata hivyo, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa ya kwanza, na Trent alikata pai yake kwa ubavu wa uma akasema, "Bibi alikuwa akisema wewe na baba yako ndio mliompimia viatu vyake vyote tangu akiwa mtoto, sijui mlikuwa wapi siku hizo," na Orrin hakutaka jina hilo liletwe mezani, lakini lilikuwa limeshaletwa, Lucille, sahani moja na pai... Lucille Haverkamp kabla hajawa Haverkamp, mtoto mwembamba mwenye magoti ya rangi mbili, anapanda kwenye ile mashine ya miale ambayo baba yake Orrin aliinunua kwa majivuno kuliko alivyonunua gari, sanduku la mbao refu kama mimbari, unaingiza miguu chini na kutazama kwa juu, na humo ndani kwenye mwanga wa kijani unaona mifupa ya vidole vyako imelala ndani ya kiatu, watoto walipigania zamu, baadaye serikali ikasema mashine zile ni hatari zikaondolewa zote, lakini Orrin wakati huo naye alikuwa mtoto, alisimama kwenye tundu la pili la kutazamia na akaiona mifupa ya miguu ya Lucille ikichezacheza, "Tazama, Orrin, nakupungia mkono kwa miguu!" akacheka mpaka baba akagonga sanduku, kwa hiyo usimwambie Orrin habari za Lucille, aliwahi kumwona mpaka ndani ya ngozi... na mwanamke huyo huyo ndiye aliyemkuta kwenye kichochoro cha nyuma, miaka ile maduka makubwa yalipofunguliwa mjini kando ya barabara kuu, maana hapo ndipo kila kitu kilipoanza kufa, hakikufa kwa mbele, barabara ya mbele watu walikuwa wakisalimia kama kawaida, "Habari ya duka, Orrin?" "Siwezi kulalamika," kilikufa kwa nyuma, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, kwa sababu watu wa Brandvold wana aibu, waliingia dukani Jumatatu wakakaa kwenye kiti, wakavua soksi, Orrin akapiga magoti akawapimia kwa kile kipimo cha chuma, akawaambia mguu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, akawavisha jozi nne, wakasema "Ngoja tufikirie," na Jumamosi wakaenda mjini na namba aliyowapa Orrin bure, wakarudi na mifuko yao mipya, wakaegesha magari nyuma ya ghala la nafaka na kupita kichochoroni ili asiwaone, waliona huo ndio wema, kumficha, na siku moja alitoka kumwaga majivu akakutana uso kwa uso na Lucille, mfuko mkononi, viatu vya raba vya mwanawe Dale, baba yake huyu Trent, vimejitokeza juu kama masikio ya sungura, na Lucille akasema, "Orrin! Kumepoa ghafla, ee?" na Orrin akasema, "Kumepoa," kila mtu akashika njia yake, ee, kumepoa, maneno yote duniani yalikuwepo na wakachukua hilo... "Kwa kweli, mzee," alisema Trent, na sauti yake ilitoka mbali kama redio ya chumba cha pili, "si usumbufu hata kidogo, tungefanya kwa moyo, na ukitaka kuna kitu mle tukutolee kwanza, mashelfu, vile vya dirishani, sema tu," na hiyo ilikuwa ya pili, Orrin aliihesabu bila kutaka kama mtu anavyohesabu kengele za kanisa, na mdomo ukafunguka tena wenyewe, "Mnayo kazi ya kutosha nyie, msinifikirie mimi," na akakaa vizuri kitini, sasa ya tatu, uliza ya tatu, kijana, na hapo ndipo nitakapoamua, na alijua atakachoamua, atasema hapana, hapana ya kweli, kavu, ya kuvunja mfupa, kwa sababu duka likichomwa nani atawaambia walichofanya, Arvilla ndiye aliyekuwa akimsema kwa hilo, mkewe, Mungu ampumzishe, akikunja nguo bila hata kumtazama, "Liuze, Orrin, au lipangishe, au libomoe, unawanunia watu ambao hawajui wamenuniwa," na yeye akajibu kwa ukali kwamba yeye ni mtu wa maneno yaliyonyooka, hanuni, anasema, mtu akimuuliza atamwambia, na Arvilla akasema, "Na nani atakuuliza," akaendelea kukunja... lakini waliwahi kuuliza, si kweli kwamba hawakuuliza, na hilo ndilo lililomkaa kooni kuliko kichochoro, majira ya baridi ya mwisho, theluji imefika kwenye vitasa vya milango, Lucille aliingia dukani na bakuli la viazi na nyama limefunikwa kwa taulo, akalitua juu ya kaunta, akakaa kwenye kiti cha kupimia bila kuvua viatu, akasema, "Orrin, sisi akina mama wa kanisani tumezungumza, Pasaka hii kila nyumba inunue viatu hapa, angalau jozi moja, nitasimama mwenyewe nitangaze," na Orrin, akiwa bado ameinama kwenye kile kistuli chake kifupi, akayaona tena kichwani yale masikio ya sungura yakitoka kwenye mfuko, akasema, "Aa, hapana, Lucille, msijisumbue," naye akasema, "Si usumbufu, na wewe," Orrin akasema, "Tuko sawa tu hapa, kweli," na akangoja, Mungu anajua alingoja, ya tatu ikija nitasema haya basi, kidogo tu, na Lucille akainuka, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akashika kitasa, na ya tatu haikuja, haikuja, aliondoka bila kuuliza ya tatu, mwanamke aliyelelewa hapa hapa Brandvold na anajua kabisa mara mbili ni bure, na ndio maana Orrin akajua kwamba hakuwa na nia, alikuja kuosha mikono yake tu, na Pasaka ikapita, na kufika mavuno akaviacha viatu dirishani vidole vikielekea nje, na kwenye mazishi ya Lucille alikaa kiti cha nyuma kabisa hakula keki... "Wanasema upepo utatulia Jumamosi," Trent alikuwa anasema, ameshaisukuma sahani, ameshika kofia yake kwa ukingo anaizungusha taratibu kwenye vidole, "kaskazini magharibi, lakini mwepesi, halafu Jumapili theluji, mbao zikilowa ndio basi mpaka masika, hazishiki tena, zinatoa moshi tu," anaongea anaizungusha, haondoki mezani wala haivai, na Orrin akamtazama yule kijana vidole, si uso, vidole, akaona mkono mwingine kwenye kitasa, glavu ya sufi ya kahawia, mlango umefunguliwa ufa mdogo na baridi inaingia chini kama maji, Lucille hakuondoka, ndivyo alivyokuwa akijihadithia miaka yote kwamba aliinuka akaondoka, lakini hakuondoka, alisimama pale mlangoni mpaka jiko likazidiwa na baridi, akazungumza theluji, akazungumza barabara ya kwenda mjini ilivyo mbaya, akazungumza dada yake, akasema, na Orrin alilisikia sasa kwa sauti yake kabisa, "Na miguu ya Dale, sijui inakwenda wapi, kila mwezi kidole kimetoboa, hata sijui nitamvika nini Pasaka," na kuachia hapo, mkono kwenye kitasa, haendi, anatazama theluji, haendi, na Orrin mwana wa Tollefsrud, mtu wa maneno yaliyonyooka, akasema, "Watoto hukua," akageuza mgongo kupanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa tayari... watoto hukua... sasa ile ilikuwa nini kama si ya tatu, alitaka aulizwe vipi, apigiwe tarumbeta, mama mzima aliyeona haya kwa sababu ya mfuko mmoja alisimama kwenye baridi akimwekea ile ya tatu mikononi, ameivika nguo ili isimwaibishe, naye akaiangusha chini, na kwa sababu ya kuiangusha alimpa mtu huyo miaka arobaini ya viatu dirishani, na Lucille alipita hapo, alipita kila Jumapili akienda kanisani, na pengine katika watu wote wa Brandvold ni yeye peke yake aliyejua vile vidole vinamwelekea nani, wengine waliona benki... kitu kikalegea ndani yake, hakikuuma, kilikuwa kama pale unapotoa kile kibao cha ndani ya kiatu na kugundua kiatu chote kilikuwa kimesimama kwa kibao hicho, alitafuta hasira ilipokuwa, ilikuwa daima pale, chini ya mbavu, tayari kama kiberiti, akakuta pamepoa, na kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia ule ukuta wa nyuma, si mbao, na bila hiyo hakuna duka mle, hakuna Tollefsrud wala Mwana, kuna jozi tisa zisizomwambia mtu kitu na mzee mmoja anayekunywa kahawa aliyokwisha kuikataa... "nikaona nikwambie tu habari ya upepo," Trent alisema, akatazama dirishani, akavaa kofia, akakaa, haendi, na Jodeen huko nyuma ya kaunta anapangusa mahali palipokwisha kupanguswa, na Orrin akajua hakuna kingine kitakachoulizwa, hii ndiyo, imekuja imevaa hali ya hewa, ina mdomo wa Lucille na shingo ya Dale, na neno lenyewe ni fupi, haya basi, yeye hakuwahi kulitoa mdomoni bila kuvutwa, hakuwahi, si kwa Arvilla, si kwa mtu, lilikuwa limelala kwenye ulimi zito na geni kama jino lililong'oka, na kijana bado anatazama nje anasema lakini mwepesi, mwepesi sana, kaskazini magharibi...