Mchanga Mweusi Ndani ya Ambreyaje

Fimbo ya kwanza ilimpata Aubin alipoburutwa tu kutoka kabini ya lori, ya pili ikampasua mdomo. Cikuru, fundi wa magari wa mtaa wa Birere, aliachia spana ikaanguka. Yule aliyelazwa kwenye mawe ya garaji yake, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, alikuwa mume wa dada yake Cibalonza, aliyejifunza kazi hapa hapa kabla ya kushika usukani. Na mwenye fimbo alikuwa Buhendwa, tajiri mwenye kamyo hiyo, ambaye hasira zake zilikaa puani siku zote. Leo tena alikuja na vijana wawili wenye mapanga, kamyo ikivutwa na gari nyingine.

Buhendwa alieleza huku akipiga. Jana kamyo ilipakia vitenge na sabuni kwenda Rutshuru. Kwenye mlima wa Kibati ikanguruma bila kusonga, wezi wakatokea, wakabeba kila kitu, na dereva hakupata hata mkwaruzo. Hata mkwaruzo! Kwa Buhendwa hilo lilitosha: Aubin alipanga na wezi, akaikalia pedali ya ambreyaje, yaani klachi, makusudi mpaka ikaungua. Kilichobaki ni fundi kuthibitisha.

"Cikuru, fungua utazame," alisema. "Kama ni muguu yake, huyu mutu hatarudi kwake."

Cikuru alipanda kabini. Alivuta breki ya mkono, akatia vitesi ya tatu, gia ya mwendo, akakanyaga mafuta na kuiachia pedali ya ambreyaje pole pole. Ambreyaje nzima ingeizima moteri papo hapo. Moteri haikuzima, iliendelea kunguruma, na harufu ya kuungua ikajaa kabini. Disiki ya ambreyaje ilikuwa inateleza, basi. Lakini disiki huteleza kwa sababu nyingi, na mguu mbaya wa dereva ni mojawapo. Kijana mmoja alicheka, akamkanyaga Aubin shingoni kwa buti.

Ikabidi bwati ya vitesi, sanduku zima la gia, ishushwe. Cikuru alifanya kazi chini ya kamyo akisikia kila fimbo, meno ameyauma, akimlaani Buhendwa na ukoo wake wote kimoyomoyo. Alipoitoa disiki, aliikuta imelowa mafuta ya moteri. Mpira wa kuzuia mafuta ulikuwa umechakaa zamani. Na ndani ya mafuta hayo palijaa mchanga mweusi wa volkeno, umeisaga disiki mpaka kwenye chuma. Ujanja huo aliujua. Wabahili wa barabara ile, disiki ikilowa, huimwagia mchanga kupitia kitundu cha chini ili ishike tena siku kadhaa, badala ya kununua mpira mpya.

Alitoka uvunguni, akaiweka disiki miguuni pa Buhendwa.

"Papa Buhendwa, dereva hakuunguza kitu. Mafuta ilivuja, mutu akatia muchanga. Uulize vijana yako ni nani aliwatuma kuuchota."

Vijana walitazama chini. Yule wa buti aliuondoa mguu shingoni mwa Aubin. Hapo kila mtu garajini alijua mchanga ule uliagizwa na nani, na Buhendwa alijua kwamba wanajua. Aliokota mtalimbo, akauponda mkono wa kulia wa Cikuru juu ya bampa. Mifupa ililia. Cikuru alianguka kwa magoti, akatapika.

Buhendwa alimtuma kijana mmoja sokoni akanunue disiki na mpira. Kisha akamwamuru Cikuru aifunge gari, kwa sababu kesho ina mizigo.

Cikuru aliutazama mkono wake, vidole vimeelekea kila upande. Machozi yalimtoka, lakini akili haikumtoka.

"Na mukono gani, papa? Bwati iko chini. Mutu mwingine mwenye anajua kuifunga ni huyu. Mufungue."

Buhendwa aliitazama kamyo yake iliyofumuliwa, akamtazama Aubin. Alitukana, hakuna mama wa mtu aliyesalimika. Halafu alichukua panga la kijana aliyebaki, akainama, akaikata kamba.

Aubin alitambaa uvunguni, damu ya mdomo ikidondokea bolti. Cikuru alijikokota akakaa kando ya gurudumu, mkono umelala mapajani, akaanza kumwelekeza kwa sauti ya chini.

"Kaza pole pole, shemeji," alimnong'oneza. "Usimalize haraka. Gari ikisha kufungwa, hatatuhitaji tena."